Mti wa Chunguni Uoteshwe, wa Maweni Uachwe

Mtu atembeaye kando ya pwani za Pemba maji yakiwa yamekupwa, pale ambapo bahari imelila jabali la matumbawe kwa karne nyingi hata likabaki na kingo za meno makali, ataona juu ya maweni hayo, mahali ambapo udongo wote ukikusanywa haujazi kiganja, miti mifupi iliyojipinda, yenye mashina mazito na majani madogo manene, ambayo kimo chake hakifiki kifua cha mtu mzima ilhali umri wake aghalabu umeshinda umri wa mtazamaji. Mmojawapo ni ule ambao sehemu nyingine za mwambao huitwa kilalamba, na wanazuoni wa mimea huujua kwa jina la Pemphis acidula. Umeishi kwa chumvi, kwa jua na kwa upepo wa kusi. Mizizi yake imejipenyeza katika nyufa ambazo ncha ya kisu haiingii. Na ubao wake, kwa kuwa umekua polepole mno, umekuwa mgumu na mzito kiasi ambacho watu wa pwani nyingi za Bahari ya Hindi huutafuta kwa vigingi, mipini na fimbo.

Mti huu, ambao wengi wetu huupita bila ya kuutupia jicho, katika nchi za Mashariki ya Mbali hununuliwa kwa mali nyingi. Indonesia huuita santigi, Ufilipino huuita bantigue, na kwa wakuzaji wa bonsai wa nchi hizo ni katika miti inayotukuzwa kuliko yote. Bonsai, kwa msomaji ambaye hajapata kuiona, ni sanaa ya kukuza mti ndani ya chombo kifupi, ukipogolewa matawi na kupunguzwa mizizi kwa adabu na subira muda wa miaka mingi, hata ukawa na sura kamili ya mti mkongwe, wenye shina lililokunjamana na kivuli kilichotandaa, hali ya kuwa mtu mmoja aweza kuunyanyua kwa mikono miwili na kuuweka barazani.

Naipenda sanaa hii kwa dhati, na natamani vijana wa Pemba waijue na waifanye yao. Lakini nachelea mlango itakaoingilia. Ikiingia kwa mbegu na kwa kitawi kilichooteshwa, itatuletea maarifa, pambo na riziki. Ikiingia kwa tindo na mtaimbo, mtu akapanda juu ya mwamba kuung'oa mti wa miaka mia ili auuze kabla ya magharibi, itatuachia mwamba mtupu, na mti wenyewe, uwezekano ni mkubwa, utakufa njiani. Rai yangu ni kwamba tuufungue mlango wa kwanza kwa moyo mkunjufu, na wa pili tuufunge mapema, kabla hajaja mnunuzi wa kuugonga.

Hofu hii ina ushahidi wake. Huko Ufilipino, tamaa ya bantigue iliyokomaa ilikuwa kubwa hata watu wakaivamia miamba ya visiwa vyao na kuichimbua, na serikali ikalazimika kuuingiza mti huo katika orodha ya miti iliyo hatarini na kukataza kuuchimba porini; na juu ya makatazo hayo, watu wamekamatwa wakiwa na shehena za miti iliyong'olewa. Ajuaye tabia ya mti huu hatashangaa kwamba hasara yake ni kubwa namna hiyo. Mizizi yake haikukaa katika udongo ambao waweza kuchimbuliwa pamoja nao. Imekaa ndani ya jiwe, na avunjaye jiwe hukata mizizi myembamba ile ile inayonyonya maji, akabaki na kisiki kizuri kwa macho na maiti kwa hakika. Tena mti huu hauna haraka hata ya kufa: majani yaweza kubaki mabichi kwa majuma mengi baada ya uhai kwisha kukatika, na mnunuzi akadhani amepata kitu.

Sanaa yenyewe ni kongwe, na sina haja ya kuisimulia kwa urefu. Ndani ya kaburi la mwana wa mfalme wa China wa enzi ya Tang, lililochorwa mwaka 706, imo picha ya watumishi waliobeba vyombo vyenye vijimiti na vijiwe vilivyopangwa kwa mfano wa mlima. Kutoka China sanaa hiyo ilikwenda Japani, na Wajapani wakaikamilisha. Kaure za Kichina nazo zilivuka bahari zikafika kwetu, wazee wa mwambao wakapamba kwazo kuta na makaburi yao, na vigae vyake hata leo huokotwa katika magofu ya Pemba. Ila maarifa ya kupanda mti ndani ya chombo hayakufuatana nazo, nami kila nikumbukapo jambo hili huona kwamba kuna mzigo mmoja wa marikebu zile ambao haujateremshwa bado.

Iko hadithi moja ya kweli ambayo sitaiacha inipite. Katika mji wa Washington nchini Marekani, kwenye shamba la taifa la miti, umo msonobari wa chunguni ulioanza kutunzwa mwaka 1625, wakati ambapo Wareno walikuwa wangali wakitamalaki Mombasa na kuanguka kwa Ngome ya Yesu mikononi mwa Waomani mwaka 1698 kulikuwa hakujafikiriwa na mtu. Ulirithiwa na aila moja ya Kijapani, ya Yamaki, kizazi baada ya kizazi. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu lilipoangushwa Hiroshima, mti huo ulikuwa nyumbani kwa wenyewe, umbali wa kilomita tatu hivi, nyuma ya ukuta, nao ukasalimika. Mwaka 1976 uliingia katika zawadi ya Wajapani kwa Marekani, na waliopewa hawakujua kisa chake hata mwaka 2001, walipofika wajukuu wa mtoaji wakautazama na kueleza. Mti usingefika hapo lau katika karne hizo zote angelitokea mtu mmoja tu aliyesahau kuutia maji katika majuma mawili ya kiangazi.

Subira ya namna hiyo si ngeni kwa Wapemba, na hapa ndipo ninapoweka matumaini yangu. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangamiza mikarafuu ya Unguja, ilikuwa Pemba iliyochukua mzigo wa karafuu na kuubeba mpaka leo, na mkarafuu ni mti usiokubali pupa. Mbegu yake hupoteza uhai ndani ya siku chache, kwa hiyo sharti iatikwe ingali mbichi. Mche wake hutaka kivuli. Nao ukishahamishiwa shambani hungojewa miaka mingi kabla ya kuzaa kwa maana. Mwanamke wa kijijini aliyelea miche ya mikarafuu kitaluni mwake, akaijua ipi ina kiu na ipi imezidiwa na maji kwa kutazama tu namna jani linavyoning'inia, amekwisha kujifunza nusu ya sanaa ya bonsai bila ya kuisikia. Na wakazi wa kisiwa kidogo cha Kokota, karibu na Wete, walikipanda miti tena kisiwa chao kilichokuwa kimebaki uchi, wakishirikiana na jumuiya ya Community Forests Pemba. Kitalu si jambo la kufundishwa watu hawa na mgeni.

Huulizwa basi, ni mti gani uanzwe nao. Mkarafuu wenyewe siushauri, kwa kuwa hauvumilii kuguswa mizizi; na mnazi, pamoja na mpapindi wetu wa msitu wa Ngezi ambao haupatikani kwa asili popote duniani isipokuwa Pemba, haifai kwa sababu kila shina la mnazi na jamaa zake lina kilele kimoja tu cha kukulia, ukikikata umeliua. Miti ya jamii ya mikuyu na milandege ndiyo yenye huruma kuliko yote kwa mwanafunzi: kitawi chake, hata kinene kama mkono, hushika mizizi kikichomekwa katika mchanga wenye unyevu wakati wa mvua, mti ukikatwa vibaya husamehe, na hewa yetu nzito ya masika huushawishi kuteremsha mizizi kutoka matawini. Aliyezunguka magofu ya mwambao ameiona miti ya jamii hii ikiota juu ya kuta za chokaa, katika ufa alioudondoshea ndege mbegu, ikiishi huko midogo na mizima kwa miaka mingi. Mvinje nao wafaa, kwa mtu asiyechoka kuutia maji.

Lakini mti niupendao mimi, na ambao ningependa uonekane katika kila baraza la Chake Chake, Wete na Mkoani, ni mkwaju. Mbegu zake hutupwa jikoni kila siku. Chagua kokwa zilizojaa, ziloweke usiku kucha, kisha zitie katika kopo lililotobolewa chini, na kabla ya majuma mawili au matatu kwisha zitakuwa zimechungulia. Hapo lipo jambo ambalo wengi huliogopa nalo ndilo msingi wa kazi yote: mkwaju huanza maisha kwa kupeleka mzizi mkuu mmoja moja kwa moja chini, na mzizi huo ukiachwa utazunguka chini ya kopo na mti hautapata kukaa katika chombo kifupi, kwa hiyo mche ukiwa mchanga, wenye majani machache, hung'olewa taratibu, mzizi huo ukakatwa kwa wembe mkali, na mche ukarudishwa udongoni na kuwekwa kivulini. Utasinyaa kidogo, kisha utatoa mizizi ya pembeni, nayo ndiyo itakayotandaa juu ya udongo baadaye na kuupa mti ule uso wa uzee.

Nina mkwaju mmoja ambao niliukata kilele ulipofika unene wa kidole. Chini ya kidonda yalitoka machipukizi mawili, mekundu-mekundu na laini, moja likielekea ukutani na jingine likielekea jua. Nikaliondoa la ukutani, na lile la pili likawa shina, na mahali palipopinda pakabaki na kigongo ambacho sasa gome lake limeanza kupasuka kama la mti wa shambani. Kila jua likishuka, vijani vyake hukunjana viwili viwili mpaka mti mzima ukaonekana umekonda, na alfajiri huvikuta vimefunguka. Majani ya mti wa chunguni hupungua ukubwa kwa kupogolewa, lakini matunda hayapungui; mti ukifikia kuzaa, ukwaju wake huwa ni ukwaju kamili, na mzigo wake huliinamisha tawi.

Mwendo huu wa kukata na kungoja una asili yake. Katika China ya kusini, mkoa wa Guangdong, nchi ya joto na mvua, wakuzaji waliweka madhehebu yao yajulikanayo kwa jina la Lingnan, ambayo hutegemea mkasi kuliko waya: tawi huachwa likue mpaka unene utakiwao, hukatwa, chipukizi lililoelekea upande upendezao likaachwa liendelee, nalo likakatwa kwa zamu yake. Naona kwamba haya ndiyo yatufaayo sisi. Waya wa shaba hupinda tawi kwa siku moja, ni kweli, lakini miti ya nchi zetu hunenepa kwa kasi wakati wa mvua, na waya uliosahauliwa hula gome na kuacha kovu lisilofutika. Atakaye kulivuta tawi chini na alifunge kwa kamba ya usumba, alifungie ukingo wa chungu, na kuilegeza mara kwa mara.

Kuhusu udongo, wakulima wetu wana hikima ya kutosha, ila chunguni mambo hubadilika. Kinongo, udongo mwekundu ambao mikarafuu huupenda, ukitiwa peke yake chunguni hushikana ukawa tofali; kichanga peke yake hukauka kabla ya adhuhuri. Changanya tofali za kuchoma zilizopondwa, changarawe, chembe za mkaa, na samadi ya mbuzi iliyooza barabara, kisha pitisha mchanganyiko wote katika chekeche na ulitupe vumbi, kwani vumbi ndilo linaloziba njia ya maji na hewa. Chungu chenyewe sharti kiwe na matundu chini. Wakati wa masika, ambapo Pemba hupata mvua kuliko Unguja, miti mingi ya chunguni hufa kwa kuzama, si kwa kiu. Mwenye busara hukiinamisha chungu upande mmoja kwa kipande cha kigae ili maji yasituame. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka, na mti hutaka maji asubuhi na jioni, kwa maana mti wa shambani ukikosa maji hapa huyafuata kule, ama huu hauna pa kwenda. Maji ya visima vya karibu na bahari yana munyu, na munyu hujikusanya chunguni. Bora yakingwe ya mvua.

Mara moja kila mwaka au miaka miwili, mawingu ya masika yanapoanza kukusanyika, mti hutolewa chunguni, theluthi ya mizizi ikapunguzwa, ukarudishwa katika udongo mpya na kuwekwa mahali pasipo upepo mpaka ushike. Na usiingizwe ndani ya nyumba ukawekwa juu ya meza siku zote, kama wafanyavyo wengi walionunua kwa ajili ya fahari. Huu ni mti, na mti hutaka jua.

Wako watakaosema kwamba kuuzuia mti usifike kimo chake ni kuudhulumu. Nimelipima neno hili kwa insafu, na naona ya kuwa linampata yule auachaye na njaa, siye anayeupogoa. Mti uliotunzwa vyema huchanua, huzaa, na waweza kuishi kuliko wenzake wa porini, kwa kuwa kila siku yuko autazamaye; na ulioanza katika kokwa mikononi mwa mtu haukunyang'anywa chochote ulichokuwa nacho. Mti wa maweni ndio wenye hoja ya dhuluma. Huo ulikwisha kushinda vita vyake peke yake.

Wako pia watakaosema kwamba kisiwa chenye watu zaidi ya laki tano, kwa sensa ya 2022, kina haja ya kuni na chakula kabla ya pambo. Sikatai. Lakini sanaa hii haitaki shamba, na shamba ndilo lililoadimika. Hutaka uga mdogo, kopo, kokwa na muda. Wafinyanzi wetu, ambao soko la vyungu vyao limeliwa na sufuria na plastiki, wangeweza kufinyanga vyombo vifupi vyenye matundu, kwa mfano wa vikaango wanavyovijua tangu utotoni, na pengine kazi yao ingepata bei ambayo haipati kamwe kwa kupikiwa mchuzi. Wenye hoteli za Kigomasha na kwingineko, wanaoleta mapambo kutoka mbali, wangeweza kupamba kumbi zao kwa mikwaju na milandege iliyokuzwa na kijana wa shehia ya jirani, kwa sharti kwamba kila mti uwe na uthibitisho wa kitalu ulikotoka.

Sharti hilo ndilo lililo muhimu. Tunayo Sheria ya Misitu Na. 10 ya 1996, ambayo iliwapa wananchi njia ya kufanya mapatano na serikali na kusimamia misitu yao kwa kanuni wanazozitunga wenyewe. Katika mapatano hayo watu wameandika juu ya kuni, mkaa, mikoko na majengo. Naziomba kamati za shehia za pwani, hususan zile zenye maweni ya matumbawe, ziongeze kifungu kimoja kinachotaja kwa jina miti mifupi ya juu ya mwamba, kikataze kuing'oa kwa ajili ya kuuza, na kiruhusu kuchuma mbegu na vitawi kwa kiasi kwa ajili ya vitalu. Kilalamba huota kwa mbegu, ingawa taratibu, na kijana atakayeuotesha leo atakuwa na mti wa kuonesha akiwa mtu mzima. Maofisa wa misitu wa Pemba wanaoifahamu miti hii kwa majina yake ya kienyeji wayaandike na kuyahifadhi. Mwaka 1949 R. O. Williams alichapisha kitabu kikubwa cha mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba, na kazi hiyo inastahili kuendelezwa na wenyeji.

Na kwa walimu wa skuli zetu nina ombi dogo. Kila darasa na lipewe kokwa za ukwaju ziatikwe mapema ili miche iwe imesimama mvua za masika zitakapoanza mwezi wa Machi, kila mtoto awe na kopo lake lenye jina lake, aukate mzizi mkuu kwa mkono wake mbele ya mwalimu, na amalizapo skuli auchukue mti nyumbani.